Marie Curie: bibi aliyeweka picha na tiba ya saratani chini ya paa moja

Hapa kwetu Pwani saratani bado ni ugonjwa wa kunong'onwa. Mtu akiugua, jamaa husema ana uvimbe, ana kidonda kisichopona, au basi ana ule ugonjwa. Na daktari akisema mgonjwa apelekwe kwenye tiba ya mionzi, nyumba huingiwa na hofu mara mbili: hofu ya ugonjwa wenyewe na hofu ya kuchomwa. Nimewasikia watu wazima na akili zao wakisema ni afadhali mgonjwa abaki kitandani kwake kuliko kupelekwa Nairobi akachomwe. Nimesikia pia swali ambalo akina mama wanaowauguza wazazi wao huuliza kila mara: kwa nini mgonjwa apigwe picha nyingi hivyo, eksirei leo, skeni kesho, kabla hajapewa tiba yenyewe? Je, huko si kupoteza pesa na wakati?

Haya ni maswali ya haki, na mwenye mgonjwa asilaumiwe kwa kuyauliza. Leo sitayajibu kwa mawaidha. Nitayajibu kwa kusimulia maisha ya bibi mmoja aliyefariki miaka mingi iliyopita, ambaye jina lake wengi wetu tulilisoma shuleni tukalisahau. Bibi huyo ni Marie Curie. Walimu walitwambia kwamba aligundua radiamu, wakaishia hapo. Sehemu inayomhusu mgonjwa wetu hawakutusimulia.

Jina lake la kuzaliwa ni Maria Skłodowska. Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, Poland. Wakati huo Poland haikuwa na dola yake. Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na lugha ya wenyeji ilibanwa shuleni. Sisi ambao wazee wetu walisomeshwa chini ya bendera ya mgeni hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, na mama yake alisimamia shule ya wasichana. Msiba uliingia nyumbani mapema. Dada yake mkubwa alifariki kwa homa, kisha mama yao akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1878, Maria akiwa na miaka 10 tu.

Msichana huyu alikuwa hodari wa masomo, lakini chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Alisoma kwa siri katika darasa la vijana waliokuwa wakihama nyumba hadi nyumba wasikamatwe. Yeye na dada yake Bronisława, ambaye nyumbani walimwita Bronia, wakafanya mapatano kama ya upatu wa watu wawili. Maria angefanya kazi, pesa zimsomeshe Bronia udaktari mjini Paris. Bronia akimaliza, naye angemvuta mdogo wake. Basi Maria akaenda kukaa kwenye nyumba za matajiri akiwafundisha watoto wao, na usiku anasoma vitabu vyake peke yake. Zilipita karibu miaka 6 kabla zamu yake haijafika. Mwaka 1891, akiwa na miaka 24, alipanda treni kwenda Ufaransa.

Huko Paris alijiandikisha Sorbonne kwa jina la Marie. Aliishi katika chumba kidogo juu kabisa ya jengo, baridi ikizidi anajifunika nguo zake zote. Mwaka 1893 alimaliza shahada ya fizikia akiwa wa kwanza, na mwaka uliofuata ile ya hisabati akiwa wa pili. Mwaka 1894 alikutana na mwanasayansi Mfaransa, Pierre Curie, na wakafunga ndoa Julai 1895. Harusi yao haikuwa na mbwembwe. Pesa waliyozawadiwa walinunulia baiskeli mbili.

Miezi michache tu baada ya harusi hiyo, dunia ya sayansi ikatikisika. Mwezi Novemba 1895, huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miale inayopenya nyama ya mwili na kuonyesha mifupa. Hiyo ndiyo eksirei tunayopigwa hadi leo. Mwaka 1896, Mfaransa Henri Becquerel akagundua kwamba madini ya uraniamu nayo hutoa miale yake yenyewe, bila umeme, bila jua, bila mtu kuyagusa. Watu wengi waliikimbilia miale ya Röntgen kwa sababu picha zake zilikuwa za ajabu. Ile ya Becquerel haikuwa na wenyewe. Marie, akiwa na mtoto mchanga, Irène, aliyezaliwa Septemba 1897, aliichagua hiyo iwe kazi yake ya udaktari wa falsafa.

Hapa kuna jambo ambalo naomba msomaji alishike, kwa sababu tutalirudia. Wengine walikuwa wakiiangalia miale hiyo kwa kuona imetia weusi kiasi gani kwenye bamba la picha. Marie aliipima. Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wametengeneza kifaa cha kupimia umeme mdogo sana, na Marie akakitumia kupima nguvu ya miale kwa tarakimu. Kipimo hicho ndicho kilichomwonyesha kwamba jiwe jeusi zito liitwalo pichiblendi, ambalo uraniamu hutolewa ndani yake, lilikuwa na nguvu kuliko uraniamu yenyewe. Kama jiwe lina nguvu kuliko kile kinachotolewa ndani yake, basi ndani mna kitu kingine. Mwaka 1898 yeye na mumewe walitangaza vitu viwili vipya: Julai poloniamu, aliyoipa jina la nchi yake isiyokuwa na bendera, na Desemba radiamu.

Kutangaza ni jambo moja, kukitoa kitu chenyewe ni jambo jingine. Walipewa banda bovu lililowahi kutumiwa na wanafunzi wa udaktari kupasulia maiti, paa la vioo linavuja mvua. Wakaletewa mabaki ya pichiblendi kwa magunia kutoka migodi ya Joachimsthal, ambayo leo iko nchini Cheki. Marie aliyachemsha katika masufuria makubwa, akakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake mwenyewe, siku nzima, miaka karibu 4. Kufikia mwaka 1902, kutoka katika tani za mawe, alikuwa amepata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Usiku walirudi bandani kuiangalia ikiwaka rangi ya buluu gizani bila taa.

Kitu kinachotoa nguvu namna hiyo hakikosi kuuma. Becquerel alitembea na kichupa cha radiamu mfukoni, akapata kidonda cha moto tumboni. Pierre akajifunga radiamu kidogo mkononi kwa makusudi, akaandika siku baada ya siku jinsi ngozi ilivyokuwa nyekundu, ikachubuka, ikawa kidonda kilichochukua wiki nyingi kupona. Vidole vya Marie vilikakamaa na kuchunika. Mtu mwingine angekitupa kitu hicho baharini. Wao walijiuliza: kama kinaweza kuua nyama nzima, je, hakiwezi kuua nyama mbovu? Madaktari wa Paris wakapewa radiamu kidogo wajaribu kwenye magonjwa ya ngozi na vivimbe, na baadhi ya vivimbe vikanywea. Wazee wetu husema dawa ya moto ni moto.

Mwaka 1903 tuzo ya Nobel ya fizikia ilitolewa kwa kazi hii. Wakubwa wa sayansi wa Ufaransa walikuwa wamependekeza majina ya Becquerel na Pierre peke yao. Jina la Marie lilirukwa. Pierre alipopata fununu aliandika kusisitiza kwamba mkewe hawezi kuachwa, na wakapewa wote watatu. Tena wawili hao hawakuchukua hataza ya njia yao ya kutoa radiamu. Waliiandika waziwazi, yeyote aitakaye aitumie. Viwanda vikafunguliwa, wengine wakatajirika.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, Pierre alikuwa akivuka barabara akagongwa na gari la farasi, gurudumu likampita kichwani. Alikuwa na miaka 46. Marie alibaki na mabinti wawili, Irène wa miaka 8 na Ève mwenye mwaka mmoja na miezi. Chuo kilimpa nafasi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Masomo aliyaanza pale pale Pierre alipokuwa ameachia.

Mwaka 1911 ulimletea heshima na fedheha kwa pamoja. Januari aligombea kiti katika Baraza la Sayansi la Ufaransa, akashindwa kwa kura chache mno. Baadaye mwaka huo magazeti ya Paris yakaanika mambo yake ya faragha, akatukanwa kwa kuwa mgeni na kwa kuwa mwanamke. Katikati ya hayo ikaja habari ya tuzo ya pili ya Nobel, ya kemia. Mmoja wa watu wazito wa baraza lililohusika huko Sweden akamwandikia kumshauri asije kuichukua. Alikwenda, akaipokea, akatoa hotuba yake. Hadi siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kupata tuzo hiyo mara mbili.

Sasa nafika pale ambapo kazi yake inamgusa mgonjwa wetu. Chuo Kikuu cha Paris na Taasisi ya Pasteur walikubaliana kujenga Taasisi ya Radiamu. Ilikamilika mwaka 1914, na ilikuwa na majengo mawili. Moja lilikuwa la Marie, la fizikia na kemia, kazi yake kuijua miale. La pili lilikuwa la daktari aliyeitwa Claudius Regaud, la baiolojia, kazi yake kujua miale inafanya nini ndani ya mwili ulio hai. Katikati palikuwa na bustani ndogo ambayo Marie mwenyewe aliipanda miti na mawaridi. Mtu wa kupima na mtu wa seli walikuwa hatua chache mmoja kutoka kwa mwingine. Kwa maoni yangu uamuzi huo una thamani sawa na ugunduzi wa radiamu.

Kabla kazi haijaanza, vita vikuu vya kwanza vikalipuka. Wajerumani walipokaribia Paris, Marie aliipakia radiamu ya maabara yake katika sanduku lililozungushiwa madini ya risasi, akasafiri nayo kwa treni hadi Bordeaux, akaiweka salama, kisha akarudi. Akaona kwamba askari wanakufa kwa sababu daktari wa upasuaji hajui risasi iko wapi mwilini. Anachana hapa, anachana pale, mgonjwa anavuja damu. Mashine za eksirei zilikuwepo katika hospitali za mijini tu, mbali na mapigano.

Marie alizunguka kwa matajiri akiomba magari. Ndani ya gari aliweka mashine ya eksirei, na umeme ukatoka kwa injini ya gari lenyewe. Alijifunza udereva akapata leseni, akajifunza habari za mifupa na viungo, akaenda mwenyewe hadi karibu na mstari wa mbele. Irène, akiwa na miaka 17, alifuatana naye na baadaye akaachwa asimamie vituo peke yake. Kwa jumla yaliandaliwa magari 20 hivi na vituo 200, na wanawake wapatao 150 wakafunzwa kazi ya kupiga picha. Askari zaidi ya milioni moja walipigwa picha kwa mashine hizo. Watu waliyaita magari hayo Curie wadogo.

Hapo ndipo lilipo jibu la lile swali la picha nyingi. Daktari asiyeona hukata ovyo, na wa mionzi asiyeona huchoma ovyo. Leo, kabla mgonjwa wa saratani hajalazwa chini ya mashine ya mionzi, hupigwa skeni inayoonyesha uvimbe umeanzia wapi na umeishia wapi, na karibu yake pana kibofu, pana utumbo, pana uti wa mgongo. Ngozi yake hutiwa alama ndogo za wino ili kila siku alale pale pale. Kwenye kompyuta wataalamu huchora njia ya miale ili ikutane kwenye uvimbe na ipungue kwingineko. Picha zile zinaonekana kama ucheleweshaji, kumbe ndizo zinazozuia utumbo wa mama yetu usichomwe bure.

Vita vilipokwisha, Regaud na wenzake waliishughulikia saratani kwa bidii, na mwaka 1920 ukaundwa Mfuko wa Curie kugharamia utafiti na matibabu. Tangu mwaka 1906 madaktari Bergonié na Tribondeau walikuwa wameeleza kwamba miale huziumiza zaidi seli zinazogawanyika haraka kuliko zile zilizotulia. Seli za saratani hugawanyika bila kuchoka, kwa hivyo ni shabaha. Lakini ngozi, utumbo na mdomo pia vina seli zinazogawanyika haraka. Utaua vipi hizi bila kuua zile?

Regaud alitafuta jibu kwa kondoo dume. Korodani hutengeneza mbegu kwa seli zinazogawanyika upesi mno, kama uvimbe. Ilibainika kwamba miale ikipigwa yote kwa mpigo mmoja, ngozi ya nje huungua vibaya na bado kondoo haondokewi na uwezo wa kuzaa. Kiasi kikigawanywa kwa siku kadhaa, uwezo wa kuzaa hukoma na ngozi huponea. Mbinu hiyo ilipelekwa kwa wagonjwa, hasa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwekewa mirija midogo ya radiamu karibu na uvimbe wenyewe kwa siku kadhaa. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazowasumbua sana mama na dada zetu hapa Kenya, na kutiwa chanzo cha mionzi kwa ndani karibu na uvimbe bado ni sehemu ya tiba yake hadi leo, ingawa radiamu imeachwa na kutumiwa vitu vingine salama zaidi. Na mtu anapoambiwa aende hospitali siku 5 kwa wiki, wiki kadhaa, asidhani anazungushwa. Kugawanya dozi ndiyo dawa yenyewe.

Regaud alijua kwamba mbinu hiyo inafanya kazi, lakini sababu yake ya ndani kabisa ilisubiri kizazi kingine. Mwaka 1952, mjini London, katika maabara ya Rosalind Franklin, eksirei ile ile ya Röntgen ilitumiwa kupiga picha ya uzi wa DNA. Mwaka uliofuata James Watson na Francis Crick wakaeleza umbo lake: kamba mbili zilizosokotwa kama ngazi. Ndani ya uzi huo ndimo mlimo maagizo yote ya seli. Hapo ikaanza kueleweka miale inafanya nini. Inakata uzi. Ukikatwa upande mmoja, seli huushona kwa kutumia upande wa pili kama kielelezo. Zikikatwa pande zote mbili mahali pamoja, kazi huwa ngumu, na seli isiyoweza kushona hufa inapojaribu kugawanyika. Seli nzima zina mafundi wazuri wa kushona. Seli nyingi za saratani mafundi wao ni wabovu. Ukimpa mgonjwa dozi leo, ukaacha usiku upite, nyama nzima hujishona, ile mbovu hubaki na nyufa, na kesho unairudia. Mwaka 2015 tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa wanasayansi watatu walioeleza jinsi seli inavyojishona hivyo. Kondoo wa Regaud walikuwa wametangulia kuonyesha.

Turudi kwa Marie. Mwaka 1921 yeye aliyeigawa njia ya radiamu bure hakuwa na uwezo wa kuinunua. Bei ya gramu moja ilikuwa dola 100,000. Wanawake wa Marekani walichanga pesa hizo, na Rais Harding akamkabidhi radiamu hiyo Ikulu ya Washington. Mwaka 1929 alirudi, akapewa pesa za gramu ya pili, na hiyo hakuitumia Paris. Aliipeleka Warsaw, kwenye Taasisi ya Radiamu ya nchi yake iliyokuwa sasa imepata uhuru. Taasisi hiyo ilifunguliwa mwaka 1932, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa daktari Bronia, yule dada wa upatu.

Lakini miaka hiyo hiyo dunia ilikuwa ikiichezea radiamu. Iliuzwa katika maji ya kunywa na vipodozi kama dawa ya kila kitu. Huko Marekani wasichana wa viwandani waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa, wakiichonga brashi kwa midomo, walioza mataya na kufa. Marie mwenyewe alikuwa akidhoofika. Alipata mtoto wa jicho, akapasuliwa zaidi ya mara moja. Alikuwa ametembea na vichupa mfukoni, akaviweka kwenye droo ya meza, akasimama saa nyingi karibu na mashine za vita bila kinga ya maana. Mwaka 1934 mwili ulikataa. Uboho wa mifupa uliacha kutengeneza damu. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 katika hospitali ya milimani huko Ufaransa, akiwa na miaka 66. Madaftari yake hadi leo huhifadhiwa katika masanduku ya madini ya risasi, kwa sababu bado yanatoa miale.

Kabla hajafa aliona jambo moja la furaha. Mwezi Januari 1934, Irène na mumewe Frédéric Joliot walifanya kitu kisicho na miale, kama aluminiamu ya kawaida, kigeuke na kutoa miale. Kumbe si lazima kuchimba. Miale inaweza kutengenezwa. Mwaka 1935 walipewa tuzo ya Nobel, mama yao hayupo. Ugunduzi huo ndio ulioziunganisha kabisa picha na tiba.

Chukua mfano wa aidini, ile inayotiwa kwenye chumvi yetu ya kupikia. Tezi ya thairodi, iliyoko mbele ya koo, huivuta aidini kutoka kwenye damu kwa mlango wake maalumu. Ikitengenezwa aidini yenye miale, mgonjwa akainywa, itakwenda yenyewe kwenye tezi. Baadhi ya miale yake hutoka nje ya mwili, kamera ikaiona: hiyo ni picha. Miale mingine haifiki mbali, huishia milimita chache na kuua seli zilizo jirani: hiyo ni tiba. Mwaka 1941, huko Boston, daktari Saul Hertz aliitumia kumtibu mgonjwa ambaye tezi yake ilifanya kazi kupita kiasi, na baadaye ikawa tiba ya saratani ya tezi hiyo, hata mbegu zake zikiwa zimesambaa mbali.

Skeni ya PET nayo humpa mgonjwa sukari yenye miale, kwa sababu seli za saratani zina uchu wa sukari. Zinapoimeza, picha inawaka pale zilipojificha. Na sasa wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa wanaweza kupewa dawa inayoitafuta protini iliyo juu ya seli hizo. Ikibeba miale ya kupigia picha, inaonyesha ziliko. Ikibeba miale mingine, inaziua huko huko. Anayejua mlango wa seli hutuma mjumbe yule yule, mara ya kwanza na taa, mara ya pili na panga. Elimu ya kuijua milango hiyo ndiyo inayoitwa baiolojia ya molekuli, na mimi naiona kama bustani ile iliyokuwa kati ya majengo mawili ya Paris.

Sasa niseme ninachokiamini. Anayetwambia mionzi haina madhara anatudanganya. Maisha ya Marie ni ushahidi. Anayetwambia mionzi ni kifo tu naye anatudanganya. Wapo wanawake waliotibiwa kwa mionzi saratani ya mlango wa kizazi ikiwa bado changa, wakarudi kulea wajukuu. Kinachotofautisha ni mambo matatu: kupima, kuona na kuijua seli. Marie alikipima kitu lakini hakujua mwili wake unabeba kiasi gani. Mgonjwa wetu wa leo hupimiwa dozi yake kabla, na anayemhudumia husimama nyuma ya ukuta mnene.

Yako mengine madogo ambayo familia zinastahili kuambiwa waziwazi. Mgonjwa anayepigwa miale na mashine ya nje harudi nyumbani na miale mwilini. Mkumbatie, kula naye, mpe mjukuu ampakate. Aliyekunywa aidini yenye miale ni tofauti: yeye hukaa mbali kidogo na watoto na waja wazito kwa siku chache, kama atakavyoelezwa. Ngozi kuwa nyeusi, kuchoka na kukosa hamu ya chakula ni mambo yanayotokea, na yana matunzo yake. Na mwenye mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari: dozi ni kiasi gani, imegawanywa mara ngapi, na picha hii inatafuta nini.

Mwaka 1995 mabaki ya Marie na Pierre yalihamishiwa Panthéon, mahali Wafaransa wanapowazika watu wao wakubwa. Jeneza lake lilizungushiwa madini ya risasi. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa Pwani wamekuwa wakipanda basi la usiku kwenda Hospitali ya Kenyatta kusaka tiba iliyoanzia katika lile banda linalovuja, na wengi walifika wamechelewa. Barabara ndefu ilichangia, foleni ilichangia, na umaskini pia. Ila hofu nayo ilichangia, na hiyo hatuhitaji serikali ituondolee. Tukiwa na mgonjwa nyumbani mwenye uvimbe usioeleweka au damu isiyokatika, tumpeleke mapema apigwe hiyo picha.